Komeo la Nje

Jua lilikuwa limeshaegemea mapaa pale fundi alipokata uzi wa mwisho, akaikung'uta suruali ya baba yake mkubwa na kuikunja. Alikuwa ameipunguza tena. Mzee alikuwa anakwisha kama sabuni, na suruali zake hazikomi kurudi kufinywa kiuno. Akafunika cherehani, akatia simu mfukoni, akavuka barabara.

Njia ile miguu yake iliijua yenyewe. Kila jioni baada ya kazi alikwenda kwa mzee mmoja wa ukoo, akaketi, akawasha simu irekodi, akauliza swali moja. Si mawili. Nani alizaa nani. Nani alihama, na alimkimbia nani. Asiyefanya kidogo kila siku, alikuwa akisema, hufanya kingi siku ya mazishi, tena kwa kubahatisha. Na kabla ya kuzima simu alikuwa na neno lake la kufungia: "Nani mwingine?" Alikuwa akilirudia hilo mpaka mzee achoke, aseme, "Hakuna mwingine." Hapo tu ndipo alipoamini amefika ukutani.

Ndugu zake walimwita Sensa. "Sensa huyo anakuja, hesabuni watoto." Walicheka sana. Kisha wazee wawili aliokuwa akiwahoji, wagonjwa wa siku nyingi, wakafariki mmoja nyuma ya mwenzake, na kicheko kikakauka.

Asubuhi hiyo mtoto wa baba mkubwa, mwenye bucha, alikuwa amemsimamisha mlangoni pa kibanda chake cha ushonaji, aproni ikiwa na damu.

"Leo ndiyo mwisho, dada. Mpelekee mzee suruali yake, msalimie, uondoke. Maana ukimaliza kuuliza wewe, sisi tunanunua sanda."

"Walikuwa wagonjwa, kaka."

"Wote ni wagonjwa, ukishafika wewe."

Hakusema neno *mchawi*. Alilitafuna tu, akalimeza, akahakikisha dada yake ameona akilimeza.

Kwa hiyo Sensa alivuka barabara akiwa na hasira iliyomkaa kifuani kama pasi ya moto. Baba mkubwa ndiye pekee aliyebaki wa kizazi cha marehemu baba yake. Kesho mlango ungefungwa, na lile lililokuwa likimsumbua lingezikwa na mzee.

Nalo lilikuwa hili. Jana, wakati akipiga pasi, alikuwa ameisikiliza rekodi ya jioni iliyotangulia. Sauti ya baba mkubwa ilikuwa imesema kwa uchovu, "Hakuna mwingine." Kikafuata kimya. Halafu...

Ngo. Ngo. Ngo.

Mkono juu ya ubao. Taratibu, kama wa mtu asiye na pa kwenda.

Alikuwa ameirudisha, akasikiliza tena, na tena, mpaka kitambaa kikaungua chini ya pasi. Kwa sababu nyumba ya baba mkubwa haikuwa na mlango wa ndani wa kugongwa. Mzee yule alikuwa seremala. Alitengeneza milango ya nusu ya mtaa, lakini ndani kwake kila chumba kilikuwa na pazia tu. Watu walimwita Mzee Pazia, wakasema mganga hajigangi. Mlango wa mbele ulikuwepo, kwa kuwa wezi nao wapo, ila huo aliununua kwa fundi mwingine, na jioni ile ya rekodi ulikuwa wazi.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Umekuja na simu yako?"

"Nimekuja na suruali."

"Na simu."

"Na simu, baba mkubwa."

Mzee alikuwa kwenye kigoda chake, ameuelekea mlango wa mbele kama kawaida yake. Mwanga wa jioni ulikuwa ukiingia mwekundu, ukiishia magotini pake. Sensa hakuketi. Aliweka simu juu ya suruali, akaiacha icheze ile rekodi hadi mwisho.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mzee hakushtuka. Hilo ndilo lililomtia Sensa ubaridi. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu anayesikia jirani akirudi kutoka kazini.

"Swali langu la leo," Sensa akasema, akiiwasha simu irekodi. "Kwa nini nyumba yako haina milango?"

"Kila ninaoupachika unagongwa."

"Na nani?"

"Unagongwa kwa ndani," mzee akasema, kama kwamba hilo ndilo jibu. "Nikiufungua, chumba kitupu. Basi nikaacha kupachika."

 Harufu ikaanza kupenya chumbani, nyembamba kwanza. Mafuta ya taa. Sensa alitupa jicho jikoni. Jiko lilikuwa baridi.

"Tulikuwa na dada," mzee akasema.

 Miaka yote ile ukoo wao ulikuwa ukoo usio na shangazi. Wavulana watupu, walimwambia. Hakuna mwingine, walimwambia. Mmoja baada ya mwingine, wakimtazama machoni.

"Ananifuata mimi, kabla ya baba yako. Alikuwa na mdomo. Ukimlia nyama yake, atakuambia usoni kwamba ni yake. Watoto wakaanza kufa mle nyumbani. Homa, kifua... Yeye ndiye aliyekuwa akiwaogesha. Watu wakaanza kusema."

"Watu gani?"

"Sisi."

Pazia la chumba cha nyuma lilijaa, likavimba kuelekea kwao, likatulia. Nje hapakuwa na upepo.

"Nikamtengenezea mlango wa chumba chake. Mbao safi, bawaba tatu. Aliupapasa, akafurahi. Kisha akanitazama akacheka. Akasema, kaka, fundi gani wewe, umeweka komeo nje? Alidhani nimekosea."

Sensa hakujua kwamba amekunja ngumi mpaka kucha zilipomchoma.

"Halafu?"

"Halafu mafuta."

"Na watoto?"

"Wakaendelea kufa."

Alisema hivyo hivyo, kama anayetaja bei ya misumari. Sensa alimwona mbele yake mzee aliyempakata utotoni, aliyemtengenezea kigoda chake cha kwanza cha kushonea, na akatamani kukinyakua kile alichokalia.

"Jina lake."

"Mwanangu..."

"Mlimchoma, mkamfuta. Jina lake."

Mzee akalitamka. Lilikuwa jina fupi, la kawaida, ambalo ukiliita sokoni watageuka wanawake kadhaa. Mapazia yote ya nyumba yakavimba kwa pamoja, na harufu ikawa nzito kiasi cha kulowesha ulimi.

"Wewe uliweka komeo," Sensa akanong'ona. "Mafuta alishika nani? Nani mwingine?"

Mzee akamtazama. Kwa mara ya kwanza jioni ile, macho yake yalikuwa na huruma.

"Zima simu."

"Sizimi."

"Basi usiniulize."

Mlango wa mbele ukasukumwa. Mwenye bucha aliingia, akamwona dada yake amesimama juu ya mzee, akaiona simu.

"Nilisema nini asubuhi?"

"Muulize baba yako habari za dada yake."

"Dada yupi? Baba hana dada." Akamgeukia mzee, sauti ikashuka ikawa ya upole, upole ule wa kumshawishi ng'ombe asimame. "Baba, huyu atatuua kwa maneno. Sema mbele yake, tumalize. Alikuwepo mtu kama huyo?"

Mzee alimtazama mwanawe, akamtazama Sensa. 

"Hakuna mwingine," akasema.

Sensa aliichukua simu yake. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa matusi, na alikuwa amelelewa kutomtukana mzee, kwa hiyo aligeuka akatoka. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Krrrk.

Ubao ukisugua ubao.

Aligeuka. Kwenye mlango ule wa kununuliwa, ambao tangu siku ya kwanza haukuwa na kitu upande wa nje isipokuwa rangi, palikuwa na komeo. La mbao. Jeusi kama mkaa. Limesukumwa hadi mwisho.

Ndani wakaanza kugonga. Ngo. Ngo. Kisha ngumi mbili kwa pamoja. "Dada, fungua. Dada, kuna moshi. Dada."

Alipaswa kukimbilia mlango. Hakukimbia. Alisimama palepale, hasira ikimjaa kama maji yanavyojaa ndoo, na akajikuta akiwaza jambo moja tu: *sasa mnasikia*. Ndipo alipotazama chini akauona mkono. Ulikuwa umelishika lile komeo kwa nguvu, umelikandamiza lisirudi nyuma. Kidole cha kati kilikuwa na subana ya kushonea, kile kikofia kidogo cha chuma cha kukinga sindano.

Ulikuwa mkono wake.

Akapiga kelele, akalivuta komeo. Lilimuunguza kiganja. Mlango ukafunguka, na mwenye bucha akamwangukia miguuni akikohoa. Ndani hapakuwa na moto. Mzee alikuwa bado kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, nyusi zake zimebabuka. Kinywa kilikuwa wazi, na ndani ya kinywa kile ndimo harufu ya mafuta ilimokuwa ikitoka.

Tangu jioni ile mzee hajatamka neno. Komeo halikuonekana tena. Mwenye bucha ameapa mbele ya ukoo mzima kwamba Sensa aliwafungia, na Sensa, mtu wa kusahihisha kila kosa, hakumsahihisha. Kiganja chake kina alama ndefu, iliyonyooka kama rula.

Sasa neno *mchawi* ndugu zake hawalimezi tena. Wanalitema akipita.

Rekodi aliisikiliza mara moja tu, mchana, mlango wazi, watu wakipita. Mzee akasema, "Basi usiniulize." Kabla mwanawe hajausukuma mlango, palikuwa na sauti nyingine ambayo jioni ile hakuisikia. Ya mwanamke, karibu sana na simu, kana kwamba ameinama juu ya ile suruali. Haikuwa na hasira. Ilikuwa na uchovu wa mtu aliyejibu swali hilohilo kila siku bila kusikilizwa.

"Baba yako," ikasema.

Baba yake, aliyemfundisha kutia uzi kwenye sindano. Aliyemnunulia cherehani. Aliyekuwa akisema ukweli ni kama mshono, ukifumuka mahali pamoja nguo yote imekwisha.

Asubuhi moja baada ya hapo alikuta matundu mapya kwenye mlango wa kibanda chake, upande wa nje, yamepangwa vizuri, ya kutosha kushika komeo. Hayo hayakutobolewa na mzimu. Vumbi la mbao lilikuwa bado mbichi kizingitini. Aliung'oa mlango siku ileile, akashona pazia nene, akalitundika.

Na hajaacha desturi yake. Jua likiegemea mapaa anafunika cherehani, anaketi, anawasha simu. Ila siku hizi hamwendei mtu. Harufu hutangulia, kisha sauti huja kutoka upande wa pili wa pazia, ya upole, yenye subira, ikitumia neno la Sensa mwenyewe.

"Nani mwingine?"

Anawataja. Anaanza na seremala na komeo lake. Anawataja waliojua wakanyamaza. Anawataja watoto waliokufa, na shangazi mwenyewe kwa jina lake fupi. Anawataja wote kwa sauti, bila kuruka, mpaka anafika kwa aliyeshika mafuta.

Pazia linavimba, linasubiri.

"Nani mwingine?"

Sensa anaitazama cherehani. 

"Hakuna mwingine," anasema.

Na juu ya kitambaa kile laini, kama juu ya ubao mkavu, mkono usioonekana unabisha.

Ngo. Ngo. Ngo.