Rola Zito la Mjomba

Kila asubuhi Echata alimimina chai, akaiacha kikombeni, akatoka kuupima ua kwa miguu. Alianzia mlangoni, akashuka mteremko mpaka langoni, kisha akapanda tena. Hatua ya tano palikuwa na kishimo. Hatua ya tisa, kishimo kingine. Karibu na lango kulikuwa na kinundu kikubwa kilichofunikwa na ukoka. Alivijua vyote kwa nyayo zake, na kesho yake alivipima tena, utadhani ardhi ingejirekebisha yenyewe usiku kucha.

"Kaa basi unywe chai," mumewe, Oumouri, alimwambia. "Ua hauendi popote."

"Hiyo ndiyo shida yake," alijibu Echata, wala hakukaa. Chai ikapoa kama ya jana.

Tangu zamani hakuwa mtu wa kutulia. Mwaka 1977, familia nyingi zenye asili ya Komoro zilipoondoka Mahajanga, Madagaska, yeye na mumewe walihamia kisiwa cha Nosy Be. Walijenga katika kijiji cha Ambatoloaka, kwenye kiwanja cha mteremko, kwa kuwa cha tambarare hawakukipata. Sasa ilikuwa miaka saba, na moyo wake ulikuwa bado njiani.

Safari hii lakini alikuwa na sababu. Binti yake, Rabiata, alikuwa aolewe baada ya wiki saba. Katika ukoo wao, bibi wa bi harusi humpokea bwana harusi langoni na kumwongoza kwa miguu mpaka mlangoni. Bibi huyo alikuwa mama yake Echata, Koulsoum, ambaye nyumba nzima ilimwita Koko. Koko alikuwa na miaka themanini, na jicho lake moja tu ndilo lililoona vizuri. Mwezi uliopita alijikwaa kwenye kile kinundu cha langoni, akaanguka, akalala kitandani siku kumi na mbili. Walipomwomba akae kitini siku ya harusi, alikataa katakata. Alisema amekwisha kuwaongoza waume wa wajukuu watatu, na huyu wa nne hatampokea akiwa amekaa kama gunia.

Echata aliogopa. Aliogopa akila, aliogopa akifua. Kila alipofumba macho alimwona mama yake chini, na wageni wamemzunguka.

Akamwandikia kaka yake, Abdérémane, aliyebaki Mahajanga, mtaa wa Tsaramandroso. Alimwomba rola la kusukuma kwa mkono, lile gogo la chuma linaloviringishwa juu ya nyasi, wausawazishe ua. Hakusema ni rola la aina gani. Hapo ndipo kosa lilipoingia.

Abdérémane alikuwa mjomba wa bi harusi, na kwa watu wa asili ya Komoro mjomba si mtu wa kukaa pembeni. Zawadi yake hutazamwa. Basi hakuuliza ua ukoje. Aliuliza tu rola lipi ni zito kuliko yote, akalipata kwenye kiwanja cha michezo kilichofungwa: chuma kitupu, nje mpaka ndani. Akalifunga utepe mwekundu, akalipakia kwenye meli ya mizigo.

Wanaume sita walilishusha. Majirani walikuja kulitazama, wakasema kweli, mjomba ametuma kitu cha mjomba. Tusimsingizie Echata unyenyekevu: siku hiyo alitembea kifua mbele.

Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi Oumouri na jirani yao Hamidou walilivuta rola mpaka juu, jasho likiwatiririka. Wakaanza kushuka nalo. Udongo ulikuwa tope, na chuma kikawazidi nguvu. Wakaliachia. Rola likashuka peke yake, likapita katikati ya jiko la nje, likasimama ukutani.

Makuti yalianguka. Sufuria zikawa bapa. Kila mtu alikuwa akiita jina la Koko, kwa sababu ndani ya jiko hilo Koko alikuwa anakuna nazi.

Koko akatokea nyuma ya nyumba, mikono yake ikidondosha maji. Alikuwa amekwenda kutawadha. Akauliza kelele za nini.

Echata aliiokota mbuzi ya kukunia nazi. Mti wake ulivunjika, na chuma chake kilikuwa kimepinda. Akakaa chini palepale kwenye tope, akalia.

Na ua je? Ulikuwa mbaya kuliko mwanzo. Rola lilipopita, udongo ulishindiliwa ukawa mgumu kama sakafu. Mvua iliyofuata haikuzama. Ilishuka mbio mpaka langoni, ikachukua udongo. Kinundu kilikuwa palepale.

Siku ya pili alikuja Tadjiddine, mtunza bustani wa hoteli moja hapo ufukweni. Alikuja kutoa pole. Kwanza alizunguka ua mzima, akibonyeza udongo kwa kisigino, mpaka Echata akakaribia kumfukuza. Hatimaye akasema, "Bweni Echata," kama watu wa kwao wanavyomwita mama wa heshima, "rola haliondoi kinundu. Kinundu huondolewa na jembe."

"Sasa rola ni la kazi gani?"

"Ni la mwisho. Kata ukoka juu ya kinundu, uufunue kama mkeka. Punguza udongo wa chini, kisha uufunike tena. Vishimo uvijaze mchanga na udongo laini, kidogo kidogo, ncha za nyasi zionekane. Halafu ndipo rola lipite, ili mizizi ishikane na udongo."

"Hili tulilo nalo haliwezi?"

"Hili ni la uwanja tambarare, na huwa linavutwa na watu wengi. Kwenye mteremko unataka rola la pipa lililo tupu ndani, lile la kutiwa maji. Unaanza na maji kidogo. Ukiweza kulisimamisha peke yako katikati ya mteremko, ni lako. Likikuvuta, punguza maji."

Akamweleza na mengine. Maji yawe ya kisima, maana maji ya bahari hulitia pipa kutu, na kazi ikiisha yamwagwe. Udongo uwe na unyevu lakini usiwe tope. Ukiufinya mkononi ushikane, usidondoshe maji. Rola lipande na kushuka moja kwa moja. Kukata mteremko kwa ubavu ni kutafuta kuteleza. Juu awepo mtu ameshika kamba, na chini asiwepo mtu yeyote.

Echata alielewa. Kilichomsumbua sasa ni kaka yake. Atamwambiaje mjomba wa bi harusi kwamba zawadi yake haifai? Alihangaika siku mbili, akaenda bandarini na kurudi, akaenda tena. Siku ya tatu alipanda meli kwenda Mahajanga.

Abdérémane alimsikiliza akiwa amekunja uso. "Unataka watu waseme mjomba alileta kopo la maji?" aliuliza.

Echata hakubishana. Alifungua kanga, akaweka kile chuma cha mbuzi kilichopinda juu ya mkeka.

"Mama alikuwa ameikalia mbuzi hii, kaka."

Abdérémane alikiokota chuma, akakipapasa pale kilipopinda. Koko alikuwa mama yake pia. Akavaa kofia yake. "Twende dukani," alisema.

Dukani Echata alichagua mwenyewe. Alikataa pipa pana, maana lisingepita langoni. Alipapasa kingo, akachukua lenye kingo za mviringo zisizokata nyasi. Alitaka lenye chuma cha kukwangua udongo unaoganda. Akamwomba muuzaji atie maji, afunge kizibo, alipindue. Walisubiri wote watatu. Halikudondosha hata tone.

Nyumbani kazi ilichukua siku nane. Palipokuwa pagumu walipatoboa kwa uma wa bustani ili maji yazame. Walikata kinundu, wakajaza vishimo. Kisha Oumouri alisukuma rola, Hamidou ameshika kamba juu, na Echata akilinda asipite mtu chini, hata kuku. Wiki ya tatu mvua ilinyesha tena. Maji yakazama, ukoka ukachipua.

Siku ya harusi Abdérémane alifika na kanzu mpya. Akalikuta rola lake zito chini ya ukuta, limezuiwa kwa mawe, utepe mwekundu bado upo. Wazee wawili walikuwa wamelikalia. Walisogea kidogo, naye akakaa katikati yao. Kila aliyepita alimsifu kwa kiti hicho, na yeye hakukataa sifa.

Koko alimshika mkono bwana harusi, kijana Soudjay, wakaingia langoni. Echata alikuwa mlangoni, kikombe mkononi. Pale palipokuwa na kinundu, Koko alisimama. Aliinua mguu juu, kama alivyozoea, akaushusha polepole. Akapapasa kwa unyayo huku na huku.

"Kinundu changu mmekipeleka wapi?" aliuliza.

Hakungoja jibu. Alipanda mteremko mpaka mlangoni bila kujikwaa, bwana harusi nyuma yake akijitahidi asiachwe.

Echata alitafuta mahali, akakaa. Akanywa chai yake. Ilikuwa bado moto.