Mstari wa Chaki

Kabla hakujapambazuka, kifuniko cha birika kilikuwa kikigonga jikoni: ko-ko-ko, ko-ko-ko. Chaki alijifunika shuka hadi kichwani.

"Mwanangu, hebu kikandamize hicho kifuniko," mama yake alisema kutoka bafuni. "Kitu kikigonga, kuna mahali kimelegea."

Hayo yalikuwa maneno ya mama kila siku, kwa sababu mama alikuwa fundi wa magari. Gereji yake ilikuwa uani, paa la mabati na sakafu ya saruji iliyokunywa oili miaka kumi. Binti yake wa miaka kumi na miwili alishinda humo siku zote za likizo, na jina la Chaki alilipatia humo humo. Pale gereji, nati ikishakazwa kwa spana hupigwa mstari wa chaki nyeupe. Mstari huo ni kama neno la fundi, unasema: nimekaza. Kazi ya kupiga mstari alikuwa amepewa yeye, naye aliionea fahari kubwa.

Siku hiyo chai ilikuwa haijapoa waliposikia mlio mwingine nje. Ko-ko-ko! Gari jekundu la kinyozi liliingia uani, limeinama upande wa kushoto kama mtu anayeumwa jino. Wiki iliyopita mama alilifungia mbele springi za kurekebisha, zile za kupandisha na kushusha gari kwa kuzungusha pete. Kinyozi alitaka liwe chini kabisa. Watoto wa mtaa walisema likikanyaga njiti ya kiberiti, linapanda mlima.

Kinyozi alishuka amefura.

"Mama fundi, hii ni haki kweli? Siku nane tu! Linagonga, tairi linasugua madigadi, na jana nusura niingie mtaroni, mke wangu mjamzito yumo ndani!"

Mama alipiga jeki, akaweka stendi, akavua tairi la kushoto. Kila springi ilikaa juu ya pete mbili: ya juu inaibeba, ya chini inaibana ile ya juu isizunguke. Pete ya chini ilikuwa imelegea. Ile ya juu ilikuwa imejizungusha ikashuka, na springi ikabaki inachezacheza. Mstari wa chaki ulikuwa umekatika vipande viwili, kila kimoja upande wake.

Mama alisimama wima. "Chaki ipo, kwa hiyo ilikazwa. Nani ameligusa gari hili?"

"Hakuna," kinyozi alisema. "Labda yule babu wa pancha. Juzi alinizibia tairi hili hili."

"Ni yeye!" Chaki alidakia kwa hasira. "Ameona kitu kipya, akakichokonoa!"

Wakavuka barabara wote watatu. Babu wa pancha alikuwa ameinamia karai lake la maji, anatafuta tundu kwenye mpira wa tairi la lori. Dereva wa lori alikuwa ameketi kwenye kigoda ambacho babu humwekea kila mteja ili asisimame juani.

"Shikamoo, mzee," mama alisema, lakini sauti ilikuwa ya ugomvi. "Kwa nini unachokonoa kazi ya mwenzako, unalegeza pete ya springi? Watu wangekufa!"

"Mimi?" Babu alinyanyuka, maji yakimchuruzika mikononi. "Miaka ishirini nafungua nati za tairi tu. Hiyo pete yenu hata spana yake sina! Unanidhalilisha mbele ya wateja, binti yangu?"

Dereva wa lori aliinuka. "Basi nipe tairi langu, mzee. Nitalipeleka kwingine."

Babu alilisukuma lile tairi zito mwenyewe hadi kwenye lori, akamsaidia kulipakia, kisha akarudi kuketi mbele ya karai lisilo na mpira ndani. Chaki alitazama pembeni.

Waliporudi gereji, mama aliingia ndani kutafuta spana ya ndoano, ile ya kukazia pete. "Spana yake sina." Maneno ya babu yalikuwa yakimsumbua Chaki. Aliinama, akachungulia nyuma ya tairi la kulia, kwenye pete ya chini. Meno yake yalikuwa na mikwaruzo inayong'aa, mahali ndoano ya spana ilipong'ata. Akaangalia ya kushoto. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Rangi nyeusi ilikuwa nzima, kama siku ilipotoka kwenye boksi.

Alikumbuka. Siku ile ya kufunga springi, mama aliitwa getini, akamwambia, "Malizia hiyo." Wenzake walikuwa wakimwita nje kuruka kamba. Aliizungusha pete kwa vidole, akapiga mstari, akakimbia. Alijiambia atarudi kuikaza. Hakurudi.

Mama alitokea na spana. Angeikaza tu, mikwaruzo ingekuwepo, na hakuna ambaye angejua kamwe.

"Mama, usikaze!" Chaki alisema. "Angalia kwanza. Haikuwahi kukazwa. Ni mimi."

Kinyozi alisonya kwa nguvu. Mama alishika pete, akaigeuza, akaona rangi haijakwaruzwa.

"Uliniona nikimfokea mtu mzima barabarani, na wewe ukanisaidia kufoka!"

"Nilisahau, mama. Kweli nilisahau, mpaka sasa hivi."

"Chaki haikazi nati, mwanangu. Inasema tu kwamba imekazwa. Ukiiandika kwa uongo, mtu anaweza kufa, na mwingine asiye na kosa akabeba lawama." Mama alishusha pumzi. "Na mimi nina langu. Niliona mstari, sikuishika pete. Leta utepe wa kupimia."

Wakaisafisha pete, wakapandisha upande wa kushoto hadi ukalingana na wa kulia. Safari hii Chaki alivuta spana kwa mikono miwili, mama akaijaribu kwa mkono wake, ndipo mstari ukapigwa. Kinyozi alilipitisha gari kwenye matuta matatu. Kimya. Alirudi bado amenuna, lakini alisema, "Umesema mwenyewe, mtoto. Hilo nimeliona."

Mama alipovuka barabara tena, alisema kwa sauti kubwa kama ya asubuhi ili kila mtu asikie: "Mzee wangu, nimekukosea. Kosa ni letu." Chaki alikuwa ameshatangulia mbio kumtafuta dereva wa lori, akamkuta kituo cha mafuta, akamweleza yote bila kuficha. Lori likarudi.

Chaki alisimama mbele ya babu, macho chini. "Nisamehe, babu."

"Bado nina hasira," babu alisema, akijaza maji karai. "Itapoa. Kesho uje tena. Lakini hiyo "nisamehe" uiache nyumbani, mjukuu wangu. Uje na ule mpira wako wa kuchezea, nimeuona unavuja, nikuzibie."