Sindano ya Pili ya Bosi

Kila asubuhi kabla ya shule, Frida alifagia uwanja wa nyumba yao pale Kasingirima, na mbwa wake, Bosi, alimfuata nyuma nyuma. Wiki hii hakumfuata. Alijikunja juu ya gunia lake anajikuna, kraa, kraa, kraa, mpaka sikio likatoka damu.

"Upele umerudi! Mara ya tatu hii," alisema baba yake, Mzee Elikana, akaacha uji nusu. "Na mdogo wako naye kaanza kujikuna. Leo jioni kwa bwana mifugo. Akisema dawa imeshindwa, basi, Bosi achomwe sindano ya kufa."

Jamani, Frida akaangusha ufagio! Maana kuna jambo alilificha. Mara iliyopita Bosi alichomwa sindano, akatakiwa kurudishwa baada ya wiki mbili kwa sindano ya pili. Siku ilipofika, manyoya yalikuwa yameshaota, na kwa jirani yao Shadia kulikuwa na sherehe. Frida akaenda kwenye sherehe. Vipara viwili vilivyobaki akavipaka mawese, Bosi akang'aa huyo! Baba alipouliza, akajibu, "Tumeenda, baba. Kachomwa."

Jioni mvua ilinyesha, ziwa likawa kijivu, milima ya Kongo haionekani kabisa. Bosi alitembea kichwa chini kati ya Frida na baba. Shadia akawaona kutoka barazani kwao.

"Frida, huyo mbwa au mkeka mbovu?"

Frida akavuta kamba ya Bosi, akapita.

Bwana mifugo, Crispin, alivaa glavu akamkagua Bosi mwili mzima.

"Siku ya sindano ya pili mimi nilikuwa kijijini Simbo. Mwenzangu alimchoma, siyo?"

"Alimchoma," alijibu baba.

"Basi mzee wangu, sina la zaidi. Na ndani mna mtoto mdogo." Akageuka kufungua kabati la sindano.

"Hakuchomwa!" Frida alipiga kelele. "Sikumleta! Nilidanganya, nikampaka mawese!"

Mvua ilipiga juu ya bati. Baba akamgeukia.

"Mwana wanje, mwanangu," alisema taratibu, "ungeniacha nimuue asiye na kosa?"

Frida alilia kwa kwikwi.

Crispin alifunga kabati. "Sindano ya kwanza inaua wadudu waliomo kwenye ngozi, lakini mayai yanabaki. Yakianguliwa, upele unaanza upya. Ya pili ndiyo inawamaliza. Gunia lake lichomeni moto, na mtoto apelekwe zahanati."

Bosi akaanzishiwa dawa upya. Alifungwa peke yake nyuma ya nyumba, akilia kutwa, na Frida alikatazwa kumshika bila glavu. Wiki mbili zilipotimia, alimpeleka mwenyewe, mvuani. Mdogo wake akapona, manyoya ya Bosi yakarudi, ila sikio moja lilibaki na kovu.

Baba aliliona kovu lile, akamwita Frida.

"Dawa ukiikatisha, ugonjwa unarudi. Hilo umejifunza," alisema. "Lakini shika na hili: uongo uliusema wewe, na maumivu kayapata Bosi, ambaye hana mdomo wa kujitetea."

Frida aliinamisha kichwa. "Nimeelewa, baba."