Wewe Umebaki

Saa kumi na moja na nusu hivi jioni nilijitwika debe la mahindi nikateremka sokoni kusaga. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa Novemba mwaka jana. Unga ulikuwa umeisha asubuhi, na mtu akiishi peke yake kama mimi, hakuna wa kumtuma.

Soko letu ni dogo. Liko mbali na barabara ya Kanyangi, upande wa mtoni: maduka sita, kanisa la mabati, na mashine ya kusaga ya Mulinge. Kwetu mvua ilikuwa bado. Lakini ilikuwa imenyesha huko juu, na usiku wa kuamkia siku hiyo mto wetu wa mchanga ulishuka kwa kishindo, ukapita, ukakauka tena. Ndivyo ulivyo. Unaweza kulala ukiusikia na uamke ukiuvuka kwa viatu.

Wiki hiyo tulikuwa na mikutano ya injili. Kila siku Pasta Musyimi alihubiri siku za mwisho. Alipenda sana pale pa wanawake wawili wanaosaga pamoja, mmoja akachukuliwa na mwenzake akaachwa.

"Hakutakuwa na kuagana," alisema. "Utageuka umwambie kitu, ukute unga wake tu."

Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha woga. Mimi sikucheka. Nilikuwa na sababu yangu.

Nikiwa nusu ya njia nilisikia sauti.

Ilikuwa ndefu, nzito. Ilitoka bondeni ikapanda, ikakaa juu ya miti, ikakatika. Ikalia tena. Mara ya tatu ilikuwa ndefu zaidi, mpaka mbuzi waliofungwa kando ya njia wakainua vichwa. Kisha kimya...

Nikaongeza mwendo.

Mashine ya Mulinge niliisikia kutoka mbali, nikatulia moyo. Lakini nilipokaribia niliona haiko sawa. Ilikuwa inapiga kelele kavu, ya chuma kwa chuma, kama inavyofanya mahindi yakiisha ndani na hakuna wa kuongeza. Niliingia. Mkanda ulikuwa unazunguka. Vumbi la unga lilijaa hewani. Mabeseni manne yalikuwa kwenye foleni, moja lina leso juu yake. Chini ya mdomo wa mashine kulikuwa na gunia limejaa, unga unamwagika sakafuni.

Hapakuwa na mtu.

"Mulinge?"

Nilitua debe langu. Nilitoka nje nikaita tena. Dukani kwa jirani yake mlango ulikuwa wazi, redio inaimba peke yake. Hotelini chai ilikuwa imefurika, imezima nusu ya moto, na harufu ya maziwa yaliyoungua ilijaa kila mahali. Kikombe kimoja kilikuwa bado kinatoa moshi. Kandambili moja ya mwanamke ilikuwa katikati ya njia, imelala kifudifudi.

Nilikimbilia kanisani. Sikujua kingine cha kufanya. Kwenye viti vya mbele, pale wanakwaya hukaa mapema kufanya mazoezi, niliona mikoba yao. Kitabu cha Neno kilikuwa wazi juu ya kiti, miwani juu yake.

Hapo ndipo niliposhika kiti nikaketi.

Nataka nieleze sababu yangu, maana bila hiyo mtu atasema nilitishwa na soko tupu tu.

Nilikuwa na mtoto, Wavinya. Alikuwa na miaka minne. Miaka mitatu kabla ya Alhamisi hiyo aliugua homa, tukamwombea, Jumamosi homa ikashuka. Jumapili nilisimama mbele ya kanisa hilohilo nikatoa ushuhuda kwamba Mungu amemponya. Watu walipiga makofi, wengine walilia. Jumatatu homa ikarudi. Sikumwambia mtu. Ningewaambiaje? Nilimfungia ndani nikamfunika leso yenye maji. Jumanne jioni akaja jirani yangu, Susu Kasyoki, maana kwetu nyanya huitwa susu, mwanamke mzee asiye na mume wala mtoto. Alimshika Wavinya shingoni.

"Mtoto anaungua huyu," alisema. "Mpeleke hospitali, Ndinda. Kama umechoka nitambeba mimi mgongoni."

"Ameshapona, Susu."

"Nitambeba, mwanangu."

Nikafunga mlango.

Wavinya hakufika asubuhi. Mume wangu Kitheka alikuwa kwa kazi za ujenzi mjini Wote. Alipofika, watu wamejaa uani, aliuliza nini kimemuua mtoto. Nikasema: Kasyoki alikuja jioni, akamshika shingo, na usiku mtoto akafa.

Kila neno lilikuwa kweli. Ndiyo maana lilishikika.

Kabla ya wiki kuisha walikuwa wamechoma nyumba yake wakisema ni mchawi. Hakupigwa, lakini alifukuzwa, akaenda kuishi ng'ambo ya mto, kwenye kibanda cha nyasi ambacho hakuna njia inayofika. Sokoni alikuwa haji. Hakuna aliyemuuzia kitu. Kitheka naye alirudi Wote, na kurudi nyumbani kukawa kwa mwezi mara moja, kisha Krismasi, kisha ikawa simu tu.

Kwa hiyo nilipoona ile miwani juu ya kiti, sikujiuliza watu wamekwenda wapi. Nilijua. Nilijiuliza tu kama kuomba bado kunasaidia mtu mlango ukishafungwa.

Ndipo mashine ikazimika.

Haikufifia. Ilikata mara moja, kama mtu ameizima kwa mkono.

Nilitoka kanisani mbio, maana nilitaka mtu. Mtu yeyote. Nikapita redio inayoimba. Jua lilikuwa limekwisha, anga ina ule wekundu wa mwisho. Nikaingia kwa Mulinge.

Aliyekuwa ameketi juu ya gunia ni Susu Kasyoki.

"Ilikuwa inajiumiza bure," alisema polepole.

Sikuwa nimemwona kwa karibu tangu siku ile. Alikuwa amekonda. Leso yake ilikuwa imemshika mwilini kama iliyotoka kufuliwa, na pale ndani, palipokuwa pakavu kwa vumbi la unga, kulikuwa na harufu ya mchanga mbichi. Ile harufu ya chini kabisa, ukichimba kisima mtoni.

"Susu," nilisema. "Watu wako wapi?"

"Wameitwa."

"Wote?"

"Waliosikia wameenda."

Nilikaa chini pale mlangoni. Nilikumbuka sauti ile ya bondeni. Nilikuwa nimeisikia pia, na nilikuwa nimeendelea na njia yangu na debe kichwani.

"Kwa hiyo tumebaki," nilisema.

Alinitazama muda mrefu. Macho yake hayakupepesa.

"Wewe umebaki," alisema.

Sijui kama mtu ambaye hajaishi peke yake anaweza kuelewa. Nilimwogopa, ndiyo. Lakini niliogopa zaidi kwamba ataondoka. Ilikuwa miaka mitatu hakuna mtu aliyekaa nami jioni. Nikasogea karibu yake, nikahisi baridi ikitoka kwake kama inavyotoka kwenye mtungi.

Nikamwambia.

Nilimwambia yote, nikinong'ona, ingawa hapakuwa na wa kutusikia. Kwamba nilijua mtoto anakufa. Kwamba nilimsikia akiomba maji, na niliogopa mtu akipita atasikia, nikaimba wimbo kwa sauti ili sauti yake isitoke nje. Kwamba nilipofunga mlango sikuwa ninaufungia uchawi nje. Nilimfungia nje mtu pekee aliyejua. Na siku ya msiba niliona wote wananingoja niseme kitu, nikamtaja yeye, maana yeye peke yake ndiye angeweza kunitaja mimi.

Hakunikatiza. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka pindo la leso yake... tone, tone, juu ya unga.

"Nilijua haya," alisema nilipomaliza. "Nilitaka tu yatoke kwako."

"Nisamehe, Susu."

Alikamua pindo la leso yake.

"Susu. Nisamehe."

"Nimesikia," alisema. "Nitayafikisha."

Akainuka. Alikaza leso kiunoni kama mwanamke anayeanza safari, akanipita pale mlangoni, akashika njia ya mtoni. Hakuwa na haraka. Nilitaka kumfuata, lakini nilibaki nimeshika mlango.

Kisha nikaona taa.

Zilikuwa taa za simu, nyingi, zikipanda kutoka bondeni. Nikasikia sauti za watu, chini chini, na mwanamke mmoja akilia. Walikuwa wanakuja kwa njia ileile aliyoishika. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Soko langu lilikuwa linarudi. Niliwatazama wakikaribiana naye, yeye mweusi mbele ya taa zile, nikangoja wapishane.

Sikuwaona wakipishana. Hakuna taa iliyosogea kando. Walikuja tu, na mbele yao hapakuwa na mtu.

Wanaume wanne walikuwa wamebeba bati. Mulinge alikuwa mmoja wao. Waliliweka chini kwa Mulinge, kwa kuwa ndiko kuna veranda ya saruji, na juu ya bati kulikuwa na mtu amefunikwa koti.

"Ni yule mchawi," mwanamke mmoja aliniambia sikioni. "Kasyoki."

Mulinge alinieleza akijifuta jasho. Wapakiaji wa mchanga walikuwa wanajaza lori mtoni alasiri. Sepetu la mmoja likagusa kitu laini. Dereva alipiga honi kuita watu, na sokoni kila mtu akadhani lori limewaangukia wapakiaji, maana wengi wana ndugu pale. Ndugu yake Mulinge hupakia mchanga. Hakuzima hata mashine.

"Maji ya usiku ndiyo yalimchukua," alisema. "Alikuwa anavuka, sijui akienda wapi. Amekakamaa kabisa. Mdomo umejaa mchanga."

Nilitazama mkono uliotokeza chini ya koti.

Mulinge aliingia ndani. Alitoka akiuliza, "Ni nani amenizimia mashine?" Akawageukia wenzake. "Kile kishikio kimeshika kutu. Mimi mwenyewe hukigeuza kwa koleo, mkono hauwezi." Akanitazama, kisha akatazama mikono yangu, akaacha kuuliza.

Walimzika kesho yake, ng'ambo, kando ya kibanda chake. Chifu alisimama, wachimbaji walisimama, nami nilisimama mbali. Hakuna aliyeimba.

Jumapili niliomba nafasi ya ushuhuda. Niliyasema yote mbele ya kanisa, kama nilivyomwambia yeye, wimbo na maji na mlango. Nilitegemea wanipige. Nilitamani hata wanipige. Pasta Musyimi alichukua maiki mkononi mwangu kwa upole.

"Mnaona nguvu ya huyo mama?" aliwaambia. "Hata amekufa, bado anatumia kinywa cha dada yetu kujisafisha."

Wakaniwekea mikono. Waliomba kwa saa nzima anitoke. Nilikuwa nalia nikisema ni mimi, ni mimi, nao walizidisha sauti. Tangu hapo kwenye benchi langu hakuna anayeketi. Nikipeleka mahindi, wanawake husogeza mabeseni yao kando.

Mtu mmoja aliniamini. Nilimpigia Kitheka jioni ileile, nikaketi nje kwenye kigogo pale ambapo simu hushika, nikamwambia kila kitu. Nilisikia magari ya Wote nyuma yake. Hakunitukana. Aliuliza kuhusu wimbo, ni wimbo gani, nikamwambia. Kisha nikamweleza habari ya Kasyoki kwa Mulinge, alivyokaa, alivyosema atayafikisha.

Nilisikia akifunga mlango, magari yakapungua.

"Kwa nani?" akauliza.

"Nini?"

"Atayafikisha kwa nani, Ndinda? Kwa Mungu, au kwa mtoto?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilisikia anapumua, kisha akakata. Hajashika simu yangu tena.

Pasta bado anahubiri kile kiti cheupe cha hukumu na vitabu vitakavyofunguliwa, na watu wanatetemeka. Mimi sitetemeki. Mungu alijua tangu siku ile. Hakuna jipya ataambiwa. Lakini Wavinya alikufa akiamini mama yake anamwimbia ili apate usingizi.

Ninayemwogopa ana miaka minne.