Barua Mfukoni mwa Onyango

"Papa Fiona, hii mboga yote unalimaka ya nani?"

Swali hilo liliulizwa na Mama Goretti, Jumamosi moja ya mwezi wa sita. Alikuwa amesimama na ndoo yake upande wa pili wa kamba iliyotenganisha vipande vyao. Yeye na Onyango ni majirani wa shamba. Huku kwetu Birmingham, Uingereza, baraza la mji hukodisha vipande vya ardhi kwa wakazi, na wao walipata vyao mtaa wa Shard End. Goretti alitoka Bukavu. Amelima pale miaka kumi na miwili, na wakulima wamemchagua awe katibu wao.

Onyango aliinuka, akanyoosha mgongo. Mbele yake kulikuwa na mistari sita ya dek, ile mboga chungu ambayo wengine huiita saga au mgagani. Kulikuwa na managu pia, yaani mnavu, na mrenda. Hapakuwa na nafasi hata ya kuweka kiti.

"Ni ya watu wa kanisa," alisema. "Watanunua. Hata watu wa mji wa Leicester wameagiza."

"Na kazi ya hospitali?"

Onyango alipapasa mfuko wa shati. "Barua ya kuacha iko hapa. Jumatatu naipeleka."

Goretti hakucheka. Aliweka ndoo chini.

"Jumatatu hii?"

"Hii."

"Basi kesho nitakuja kwenu, tukitoka kanisa. Munipikie hiyo mboga. Na hiyo barua ilale kwanza."

Onyango ni muuguzi. Amefanya kazi hospitali moja miaka kumi na tisa. Wagonjwa wanampenda, na wakubwa wake wanamwamini. Lakini akili yake iko kwenye udongo. Akiwa zamu ya asubuhi, anatazama dirishani kuona kama mvua inanyesha.

Mkewe, Peninah, mama wa binti yao Fiona, hutunza wazee majumbani mwao. Yeye habari ya kuacha kazi aliisikia kanisani, pamoja na watu wote. Wiki mbili kabla ya hapo, Onyango alisimama kutoa ushuhuda. Alisema Mungu amempa shamba, na kazi ya hospitali anaiacha. Watu walipiga makofi. Peninah pia alipiga, asimwaibishe mumewe. Walipofika kwenye gari alisema neno moja tu.

"Katika hilo shamba lako, mguu wangu hautakanyaga."

Jumapili, Goretti alikuja na kitambaa chake kizuri kichwani. Walikula ugali na dek iliyochemshwa na maziwa. Goretti alisifu mboga, akanawa mikono, kisha akasema, "Sasa leta ile karatasi uliyosaini ya shamba."

Onyango alitafuta muda mrefu. Aliipata kwenye droo, chini ya betri na dawa za kikohozi. Ilikuwa bado imekunjwa vile alivyopewa.

"Soma wewe, Mama Fiona," Goretti alisema.

Peninah alisoma polepole, akigeuza kila mstari kwa Kiswahili. "Ardhi hii ni ya kulima chakula cha mpangaji na familia yake. Haitatumika kwa biashara."

Akaiweka karatasi mezani.

"Lakini ni shamba," Onyango alisema. "Kwetu shamba ukishapewa, unalima, unauza. Nani anasoma karatasi?"

"Ni vile wote tunafikiria," Goretti alisema. "Mimi pia, mwaka wa kwanza, nilitaka kuuzisha lengalenga, ule mchicha wetu. Ukizidisha, unagawia jirani. Lakini duka, hapana. Wangekunyang'anya shamba, na kazi umeshaacha. Ungebaki na jembe tu."

Onyango aliinamisha kichwa. "Nilisema mbele ya Mungu na watu. Nitarudije kusema nimekosea?"

"Utarudi vile ulienda," Goretti alisema. "Kwa miguu."

Peninah karibu acheke. Kisha akasema kwa upole, "Baba Fiona, Mungu hakutaja Jumatatu. Jumatatu ni yako."

 Onyango akasimulia jambo. Alipokuwa mdogo, kule Ahero, Kenya, baba yake alimkataza kushika jembe. Alisema jembe ni la watoto walioshindwa na shule. Lakini mama yake alimwachia mstari mmoja wa dek nyuma ya jiko. Alfajiri, kabla ya shule, alikuwa akiumwagilia kwa kikombe.

"Mama alikuwa akiniosha miguu upesi, baba asione udongo," alisema.

"Miaka ishirini na mitatu tumeoana," Peninah alisema. "Hujawahi kuniambia."

"Niliona haya."

Peninah alimtazama. Alivuta kiti chake karibu. "Mama Goretti, tufundishe. Mtu afanyeje?"

Goretti aliwaeleza. Kwanza aliuliza kuhusu karatasi zao za kukaa nchini, kwa sababu mwenye viza ya kazi huenda haruhusiwi kujiajiri. Wao walikuwa na pasipoti za hapa. Kisha akasema, "Usiache kazi. Punguza siku. Andika barua ya kuomba. Meneja anapaswa kukujibu ndani ya miezi miwili. Tafuta shamba la kukodi, la biashara, na usome mkataba kabla ya kusaini. Ukianza kuuza, jiandikishe kwa watu wa kodi ya serikali. Ukiona mboga inakulisha, hapo ndipo unatoa notisi ya kuacha. Na wiki za notisi zimeandikwa kwa mkataba wako wa kazi. Huo nao ulisoma?"

Onyango alitazama droo. Wote watatu wakacheka.

Jumapili iliyofuata alisimama tena kanisani. Alisema aliharakisha, na kwamba bado yuko kazini. Wengine walinong'ona. Mchungaji alisema amina, na ibada ikaendelea.

Meneja alimkubalia siku tatu kwa wiki. Goretti alimpeleka kwa Paramjit, mama mmoja mkulima upande wa Coleshill, aliyekuwa na banda la plastiki la kulimia lisilotumika. Safari hii Onyango alisoma mkataba mara mbili, na Peninah mara ya tatu.

Mwaka uliofuata dek iliota hadi magotini. Watu walikuja kutoka mitaa ya Saltley na Hodge Hill. Peninah aliosha mboga nyumbani na kuzifunga mafungu. Lakini shambani hakufika, na Onyango hakumlazimisha.

Mwaka wa pili, asubuhi moja ya mwezi wa tisa, Onyango aliweka kikombe chini.

"Mama Fiona, mboga sasa inatulisha. Unaonaje? Niandike ile barua?"

Peninah alifungua Biblia yake. Ndani mlikuwa na ile barua ya zamani ya kuacha kazi. Aliitoa mfukoni mwa shati alipokuwa akifua, ile wiki Goretti alipokuja kula kwao, akaiweka hapo.

"Hii haifai," alisema. "Hukuandika wiki za notisi."

Alimwekea karatasi safi mezani, na kalamu juu yake. Kisha alitoa gambuti mpya za shamba chini ya ngazi, za kipimo cha miguu yake mwenyewe. Akazivaa. Akabeba kreti mbili tupu, akafungua mlango kwa kiwiko, akatoka kuelekea kwenye gari.