Jicho la Mashine ya Biskuti

Langoni mwa kiwanda cha biskuti, zamu zinapobadilishana, watu hawaombani radhi, wanasukumana tu. Ndipo kijana aliyeendesha mashine ya kufunga paketi alipomkumba binti mwenye ovaroli ya bluu na kitambaa chekundu kichwani. Mkoba wa binti ukaanguka pu!

"Wewe kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Samahani, dada. Ndiwe fundi wa kompyuta tuliyeambiwa? Mbona kompyuta yenyewe siioni?"

Binti akamwonyesha kidude chenye nyaya nyembamba, kidogo kuliko kiberiti. "Hii hapa. Za namna hii zimo kwenye lifti, zimo kwenye pampu, na hii itakaa ndani ya mashine yako. Jicho lake lisipoona biskuti zinapita, inasimamisha kila kitu."

"Na mimi nani atanitazama?"

"Mama yako," akajibu, lakini alicheka, na kwa kicheko kile kijana alikwisha.

Siku fundi alizokuwa akikifunga kidude kile walikunywa chai pamoja, wakataniana hadi wenzao wakawabandika jina la Bwana na Bibi Biskuti. Meneja alikuwa amemwahidi fundi kwamba hii moja ikitulia, mashine zote za kiwanda atapewa yeye. Kazi ikaisha, akarudi kwenye karakana yake mjini.

Hapo mashine ikaanza kuugua.

"Mgonjwa wako amezimia tena, mpenzi," kijana alimwambia kwenye simu.

"Nakuja, sukari yangu. Usimguse."

Alikuja mbio, ananukia vizuri, na kijana akatabasamu mchana kutwa. Lakini kila alipofungua hakuona kosa. Alibadilisha nyaya, akaandika programu upya, usingizi ukampaa. Mwishowe meneja akamwambia waziwazi kwamba kifaa chake hakifai, kitatolewa, na kazi atapewa mwingine.

Fundi akaketi juu ya kreti, machozi yakamtoka. "Labda hii kazi siijui."

Kijana alishindwa kuvumilia. "Unaijua sana. Ni mimi. Nilikuwa naliziba lile jicho kwa kidole, ili uitwe."

Binti alimtazama kama mtu asiyemjua. Akafunga mkoba, akaenda zake. Simu za kijana zikaita bila kupokelewa.

Asubuhi kijana akaingia kwa meneja, akasema yote. Alitegemea kufukuzwa; akapelekwa stoo ya unga kubeba magunia. Kijana alipotoka, meneja alicheka peke yake mpaka akafuta macho, kisha akampigia fundi kumwambia mashine zote ni zake.

Fundi alimkuta stoo, mweupe pe tangu nyusi hadi viatu.

"Nimesikia ulichomwambia meneja."

"Nilimwambia kweli."

"Kuziba jicho ningekusamehe siku ileile. Ila ulikaa ukinitazama najidharau, ukanyamaza. Hilo ndilo limeniuma."

"Nisamehe, mpenzi. Niliogopa kazi ikiisha hutarudi."

"Si ungeniomba tu?"

"Basi naomba. Rudi leo, rudi kesho, rudi kila siku. Uwe mke wangu."

Binti alimwacha kwanza atoe jasho. Moyo wake ulishajaa furaha, ila hakutaka kumrahisishia. Akampangusa unga shavuni kwa kiganja.

"Nenda kaoge kwanza," akasema. "Mama akikuona hivi atadhani nimemletea mzuka."

Kijana akalitupa gunia chini, akakimbilia bombani.