Vifuko Vipya

Ukumbi wa mashindano ulikuwa juu ya duka la magodoro, na Jumamosi ile watu walijaa mpaka ngazini. Muuguzi alifika moja kwa moja kutoka zamu, viatu vyake vyeupe bado miguuni, blauzi imekunjamana mgongoni, macho mazito. Mwingine angekwenda kulala. Yeye alikuja kucheza kadi. Haya, kila mtu na ugonjwa wake.

Akapangwa meza moja na fundi simu, kijana mrefu mwenye shati la mistari lililonyooshwa vizuri. Katika mchezo huo kila mtu hujipangia fungu lake la kadi, huzivalisha vifuko vya plastiki zisichakae, na kabla ya kuanza humpa mpinzani azichange. Kuna adabu yake. Unaomba kwanza, huzipindi, na kamwe huzishiki kwa vidole vyenye mafuta. Fundi alitoa kitambaa, akajifuta mikono bila haraka, ndipo akauliza, "Naruhusiwa, Sista?"

"Taratibu," akasema muuguzi. "Zimechoka kama mimi."

Akazichanga polepole, akiziingiza upande kwa upande bila kuzikunja. Muuguzi aliitazama ile mikono mpaka usingizi ukamruka. Mchezo alishindwa, lakini namba ya simu alitoa mwenyewe.

Yakawa mapenzi ya watu wawili waliochoka. Simu zao zilikuwa fupi, mmoja akisinzia na mwenzake akimtania kwamba anakoroma kitaalamu. Akiulizwa kama amekula, muuguzi alijibu kwamba amelala. Walipendana hivyo hivyo, na walipendana kweli.

Siku ya mashindano makubwa walikutana tena, nusu fainali. Muuguzi alipopewa fungu la mpenzi wake ili alichange, vidole vilisita. Vifuko vingi vilikuwa vikuukuu, vimefifia; vichache vilikuwa vipya, vinang'aa. Mchezo ulipoendelea akaona kwamba hivyo vipya vilivaa kadi kali kuliko zote. Mtu akitazama migongo tu, angejua kadi gani inakuja. Sheria ilikuwa wazi: nyanyua mkono, mwite mwamuzi. Mkono wake haukutoka mezani. Mpenzi wangu mwizi, alijisemea, na roho ikamuuma. Akanyamaza, akafungwa, akampongeza.

Kwenye fainali mpinzani mwingine hakuwa na huruma hiyo. Aliita mwamuzi mapema, kadi zikatandazwa kifudifudi, na ukumbi mzima ukaona. Fundi alijitetea kwamba alibadilisha vifuko vilivyochanika tu, akiwa hoi baada ya kazi, na kwamba kadi zinazochezwa sana ndizo huchanika kwanza. Ilikuwa kweli tupu, lakini nani amsikilize? Akatolewa, maana fainali haina onyo. Alipomtafuta muuguzi kwa macho, akamkuta ameinamisha kichwa, na hakuonekana kushangaa hata kidogo.

Wiki ile fundi hakupokea simu za muuguzi. Mwishowe dada yake akapokea. "Wifi, hayupo. Yaani yupo, ila amesema hayupo. Njoo mwenyewe, mimi nimechoka kubeba uongo wa watu."

Muuguzi akamkuta kibandani kwake, ameinamia simu iliyofunguliwa.

"Ulizichanga kwa mikono yako," fundi alisema bila kuinua uso. "Uliona."

"Niliona."

"Ukajua naiba."

Angeweza kukana, lakini alikuwa amechoka mno kudanganya. "Nilidhani unaiba. Nikaona bora nikose mchezo kuliko nikukose wewe."

Fundi akaweka bisibisi chini. "Ungemwita mwamuzi, ningeambiwa nibadilishe vifuko, tungeendelea kucheza. Umenisitiria wizi ambao sikuufanya. Hukuniuliza hata mara moja."

Hapo muuguzi akalia, kimya kimya, kwa aibu. Akaomba msamaha. Fundi alimsogezea kigoda, naye akaketi.

"Nilitaka kukuposa siku ile," fundi akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya kioo cha simu. "Bado nataka. Ila ukiniona nakosea, nyanyua mkono."

"Hata mbele za watu?"

"Hata mbele ya mama yangu."

Muuguzi akafuta macho, kisha akanyanyua mkono juu, pale pale kibandani.

"Wiki nzima hupokei simu zangu," alisema. "Hilo nalo ni kosa."

"Ni kosa," fundi akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akamtazama usoni.